Msizisage Nundu za Bomba Kubwa

Mwadila, nawasalimu, wanangu wa karakana.

Picha mliyonitumia juzi nimeiona. Nimeiona mara tatu, na mara ya nne nikamwita jirani anishikie simu kwa mbali, maana macho yangu siku hizi yanataka kitu kikae Nyashimo ndipo yakione nikiwa Bariadi. Mmefungua bomba kubwa la kufyonzea pamba, mmepiga picha ndani, na chini yake mmeandika: "Mama Kabula, tumekuta uchafu wa kuchomelea umeganda humu, Jumatatu tunapiga grinda mpaka bomba ling'ae."

Niliruka! Chai yote ikamwagikia mkeka. Uchafu? Wanangu, hizo ni nundu saba, ziko hapo kwa kazi yake, na zote nilizichomelea kwa mikono hii. Wekeni grinda chini. Chomoeni waya kabisa, maana nawajua, mtasema mnajaribu kidogo tu. Kisha someni hadi mwisho. Msiposoma, msimu ukifunguliwa pamba ya watu itabaki uwanjani, na mimi nitakuwa nimewatia nyinyi katika shimo lile lile nililotumbukia mimi.

Niliingia kiwandani nikiwa na fagio. Sisi wanawake kutoka Dutwa kazi yetu ilikuwa kufagia manyoya ya pamba yaliyotapakaa chini ya mashine. Siku moja feni kubwa ilikuwa imezimwa, nikasimama kuitazama. Mapanga yake yalikuwa yamejaa vumbi. Fundi Sefu, mkuu wa mambo yote ya upepo pale kiwandani, akanikuta nimeshangaa. Alikuwa mtoto wa mjini, baba yake mwenye duka, mama yake Msukuma wa huku huku, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kisukuma kama makande; kila mwanamke alimwita mayu, yaani mama.

"Mayu, mbona umesimama? Fagio limekuwa fimbo ya kuchungia?"

"Fundi, naangalia vumbi. Hii feni inazunguka kutwa, upepo wake unavua watu kofia. Sasa vumbi lililokaa juu ya mapanga yake, mbona halipeperuki?"

Alitazama kanga yangu hadi chini, nikadhani nimefukuzwa kazi.

"Kesho uje na suruali," akasema.

Ndivyo nilivyokuwa fundi. Na jibu la lile vumbi, wanangu, ndilo msingi wa kazi yote ya mabomba, kwa hiyo lisikilizeni vizuri. Upepo unaogusa ukuta haukimbii. Ule uliogusana kabisa na chuma umesimama tuli. Wa juu yake unatambaa, wa juu yake tena unatembea, na ukifika katikati ya bomba ndipo unakuta upepo unaokimbia kama pikipiki ya mwenye haraka. Sefu aliuita ule wa ukutani "upepo mzembe." Ni utando mwembamba tu, lakini asikudanganye mtu, mambo yote mazuri na mabaya ya bomba yanaanzia humo. Vumbi la feni limelala ndani ya upepo mzembe, halisumbuliwi na mtu.

Nendeni mkaangalie feni ya ofisini kwa meneja. Mtaona.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la majivuno. Bomba lilipata tundu, Sefu akanipa nichomelee kiraka peke yangu. Nikachomelea. Nje nikakisugua kwa msasa, nikapaka rangi ya kijani, nikarudia rangi, nikawaita wanawake wenzangu wa fagio waje waone. Kiliwaka kama bati la kanisa. Kesho yake pamba ikaanza kufika upande wa pili imejisokota, nyuzi ndefu ndefu kama mikia ya panya, na mashine za kuchambua haziipendi kabisa pamba ya namna hiyo. Sefu akazima feni, akafungua kifuniko, akaniambia niingize mkono ndani.

Tone la chuma lilikuwa limeganda ndani ya kiraka, dogo kama punje ya hindi, lenye ncha.

"Upepo unapita nje au ndani?" akaniuliza.

"Ndani, fundi."

"Sasa ile rangi ulimpakia nani?"

Wenzangu walicheka mpaka nikatamani bomba lile linifyonze. Lakini baada ya kucheka akanieleza, na hapo ndipo nilipoipenda kazi hii mpaka leo. Mmewahi kuutazama mto Simiyu baada ya mvua, maji yakipita juu ya kisiki kilichozama? Nyuma ya kisiki maji yanajikunja, yanazunguka, yanatoka mzunguko mmoja na mwingine unaufuata. Basi upepo nao ni hivyo hivyo. Upepo mzembe ulikuwa unatambaa zake ukutani, ukakuta tone. Unapanda juu yake, ukishuka upande wa pili unajikunja, na ile mizunguko inatoka pale inaviringika kuelekea mbele, mmoja baada ya mwingine. Unyuzi wa pamba ukiangukia humo unasokotwa kama mtu anayesokota kamba pajani. Tone dogo kama punje ya hindi! Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinafanya kazi ya mikono.

Sefu akanifundisha na namna ya kulitafuta tone kama hilo bila kuliona. Chukua pamba kidogo, ipitishe ukutani taratibu kwa ncha za vidole. Panapokwaruza, hata kama mkono wako hausikii kitu, pamba itanasa. Hii njia haina mpinzani. Mainjinia walikuja na kompyuta miaka ya karibuni, wakanionyesha mizunguko hiyo hiyo kwenye kioo, imepakwa rangi kama kitenge, nikapiga vigelegele ofisini mbele za watu. Nilikuwa sijawahi kuiona sura yake! Lakini tulipokwenda kwenye bomba lenyewe kutafuta tone, waliniomba pamba.

Sasa tatizo langu ni kwamba nikijifunza kitu nakifanya dini. Kuanzia siku ile nikawa adui wa kila kitu kinachokwaruza. Nilipiga msasa mabomba, vifuniko, hadi vipini vya milango ya karakana. Wakanipa jina la Mama Msasa. Jilala, aliyekuwa anashika mdomo wa bomba ghalani na kuulisha pamba, alikuwa akiniona tu anafunika kichwa chake chenye upara, anasema, "Huku kumeshalainika mayu, nenda kwingine."

Halafu Fundi Sefu akaanguka na baiskeli akavunjika mguu. Alilazwa wiki nyingi, nami nikaachiwa upepo wote wa kiwanda. Ulikuwa mwisho mwisho wa msimu, Oktoba, ghala limejaa na pamba nyingine imerundikwa uwanjani juu ya maturubai. Jumapili moja mashine zimepumzika, nikaamua kukagua bomba kubwa. Nikaingia na tochi hadi pale linapopanuka kama tarumbeta kabla ya kuingia kwenye sanduku la kutenga pamba na hewa. Na hapo, kabla tu ya kupanuka, nikakuta nundu saba za chuma ukutani, zimepangwa mstari, kila moja imelala kimshazari.

Wanangu, nitasema ukweli. Nilifurahi! Nikasema moyoni, kumbe na fundi mkuu naye anaacha matone, tena saba. Mungu anisamehe. Nikaleta grinda, nikazisaga zote, nikapiga msasa mpaka nikaiona pua yangu ukutani. Nilirudi nyumbani naimba.

Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, bomba likaziba.

Tukafungua, tukatoa pamba, tukafunga, tukawasha. Likaziba tena. Jumanne likaziba mara sita. Pamba ilikuwa inafika kwenye ile tarumbeta, inapunguza mwendo, inaanguka, inalala ukutani na kujazana mpaka njia inakwisha. Jumatano mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwani, meusi. Malori ya vyama vya msingi yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, na mama yangu mzazi alikuwa amekuja na lori la Dutwa, amekaa juu ya pamba yao kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshushwa uwanjani. Pamba ikilowa kwenye rundo inapata joto, inabadilika rangi, inaoza. Mwaka mzima wa watu unaoza.

"Kabula," mama akaniita mbele ya watu, "hiyo mashine yako inaumwa nini?"

"Inachoka tu, mama."

"Na sisi tumechoka."

Meneja naye akanipa hadi kesho yake. Nisipopata dawa, angeita watu wa kubomoa bomba lote waweke jingine, na hiyo ni kazi ya wiki tatu. Wiki tatu, na mawingu yale!

Nikafanya kitu ambacho sikufundishwa na mtu, na bado najisifia. Nilitoa kifuniko cha ukaguzi pale kwenye tarumbeta, nikaweka badala yake kipande cha plastiki ngumu, nyeupe ya kuonyesha ndani kama kioo. Kisha nikaenda kwa mama lishe, nikaomba uji mzito. Nikakata nyuzi fupi za pamba, urefu wa kidole, nikazibandika kwa uji ukutani ndani ya bomba, kila unyuzi kichwa kimoja tu, mkia umeachwa huru. Uji ulipokauka nikawasha feni bila pamba, nikabandika uso kwenye plastiki.

Nyuzi za bomba jembamba zote zililala zimenyooka kuelekea mbele, safi kabisa. Nyuzi za kwenye tarumbeta zilikuwa zimegeuka. Zilielekea nyuma! Upepo wa ukutani ulikuwa unarudi ulikotoka!

Nilipiga kelele hadi Jilala akaja mbio akidhani nimeshikwa na umeme.

"Unarudi nyuma, Jilala! Angalia!"

"Nani anarudi?"

"Upepo!"

"Basi na sisi turudi nyumbani," akasema, lakini akaweka jicho, na akakaa pale muda mrefu kuliko mimi.

Nikaelewa. Bomba likipanuka, upepo wote unapunguza mwendo. Ule wa katikati una nguvu, unavumilia. Upepo mzembe wa ukutani hauna kitu, unasimama, kisha unasukumwa nyuma, na ukuta unaachwa bila upepo unaokwenda mbele. Pamba ikifika hapo inaanguka. Zile nundu zilikuwa zinauamsha. Upepo ukizipanda unajikunja na kutoa mizunguko, ile ile niliyoichukia, na mizunguko inachota upepo wenye mbio kutoka katikati na kuushusha ukutani. Mzembe anapigwa teke, anatembea. Nilikuwa nimefundishwa nusu ya somo, nusu nyingine nimeisaga kwa grinda.

Saa ya kuona wagonjwa nikaenda kwa Fundi Sefu. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikalia kabla ya salamu.

"Fundi, nimezisaga."

Hakuuliza nini.

"Zote saba?"

"Zote."

"Nani alikwambia uzitoe?"

"Hakuna."

"Na nani alikwambia usizitoe?"

Akageuza uso kwenye dirisha.

"Mimi nilisaga moja," akasema. "Kabla hujazaliwa wewe, labda. Aliyekuwa fundi kabla yangu aliacha nundu moja pale, nikaiona uchafu, nikaisaga. Bomba likaziba siku nne. Nikairudisha, nikaongeza nyingine sita nikijaribu jaribu mpaka likapumua. Meneja wa wakati ule nikamwambia kulikuwa na tambara limekwama. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu. Niliona aibu, ng'wanawane, mwanangu. Ningekwambia, pamba ya watu isingekuwa uwanjani leo."

"Kimo chake kilikuwa kiasi gani?"

"Usiniulize mimi. Si una nyuzi? Ziulize." Nilipofika mlangoni akaniita. "Kabula. Ukimaliza, waambie wenzako."

Nilirudi mbio. Alama za grinda zilikuwa bado zinang'aa, kwa hiyo mahali pa kuziweka nilipajua. Nundu za kwanza nilizichomelea fupi, kimo cha punje ya mchele, kwa woga. Nikawasha: nyuzi bado zinatazama nyuma. Zilikuwa zimezama zote ndani ya upepo mzembe, kama mtu mfupi aliyejificha kwenye majani, hakuna aliyezigundua. Nikaongeza chuma kufikia upana wa kidole gumba. Nyuzi zikaanza kutetemeka. Nikazilaza mshazari zaidi, nikazilainisha migongo, zipande taratibu kama nundu ya ng'ombe, ili pamba iteleze juu yake isinase. Nikawasha tena.

Zikageuka, wanangu! Unyuzi mmoja, wa pili, halafu zote, zikicheza cheza lakini zikitazama mbele! Nilimkumbatia Jilala na upara wake. Tulilisha pamba ya uwanjani kutwa nzima Alhamisi bila kuziba hata mara moja, ya Dutwa ikaingia yote, na mvua ilipoanguka jioni ilikuta maturubai matupu. Mama alicheza katikati ya uwanja, amelowa chapa.

Msiende sasa mkachomelea nundu kila mahali, nawaonya. Bomba lililonyooka liwe laini. Nundu ni za pale tu ambapo upepo unataka kulala.

Hapo ningeweza kuishia, na kila niliposimulia habari hii niliishia hapo, kwenye mvua. Lakini meneja alikuja kuuliza bomba lilikuwa na nini. Watu wote walikuwepo, wananisifu, na mama yangu anasikia. Nikasema kulikuwa na gunia limekwama.

Gunia haliingii bombani lenyewe. Linaingizwa na anayelisha. Jilala alitolewa ghalani kesho yake akapelekwa getini kufungua na kufunga, na hakurudishwa. Alinitazama tu, hakusema neno. Nami sikusema, miaka yote hadi nastaafu. Sefu alifariki akidhani nimewaambia. Sikumwambia mwanafunzi wangu hata mmoja maana ya zile nundu, kwa sababu huwezi kuieleza nundu bila kufika kwenye gunia.

Picha yenu ilipofika juzi, nilimwaga chai kwa hasira juu yenu, halafu nikabaki natazama mkeka. Nani aliwaambia msizisage? Hakuna.

Jana nikapanda basi hadi Maswa, nikatafuta bodaboda hadi Ipililo. Jilala yuko hai, analima mahindi, upara umebaki ule ule. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama pale hospitalini. Alinisikiliza hadi mwisho akipukuchua mahindi.

"Mayu," akasema, "kila konzi ya pamba ilipita mikononi mwangu. Unadhani nilikuwa sijui kwamba halikuwepo gunia?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikachukua hindi, nikamsaidia kupukuchua. Kisha akaniuliza kama lile bomba bado linapumua, nikamwonyesha picha yenu. Akaisogeza mbali na macho yake, akazihesabu nundu kwa kidole. Akasema nundu ya nne imelika, na ni kweli, mimi sikuiona.

Jumatatu asubuhi tunakuja wote wawili. Kitu cha kwanza mtampeleka Jilala ghalani, na aliyeshika mdomo wa bomba atampisha kwa heshima. Meneja wenu awepo, nina neno la kumwambia mbele ya watu. Nundu ya nne mtaichomelea upya nyinyi wenyewe, sisi tutaangalia. Nyuzi ninazo. Nyinyi chemsheni uji.